Mwanasarakasi, Dalali na Pasipoti

Mwaka 1866 serikali ya Shogun nchini Japani ililegeza amri iliyokuwa imewafungia Wajapani ndani ya visiwa vyao kwa zaidi ya miaka 200. Mtu angetarajia kwamba wa kwanza kupewa pasipoti wangekuwa wafanyabiashara wa hariri, au vijana wanaokwenda kusomea uundaji wa meli. Wapi! Pasipoti namba moja ilikwenda kwa mtu wa mazingaombwe, Sumidagawa Namigorō, na zilizofuata zikaenda kwa wenzake: wazungusha pia, watembea juu ya kamba, wapanda ngazi zisizoegemea kitu, pamoja na watoto wao. Safari hiyo hawakuibuni wenyewe. Mmarekani mmoja, Richard Risley Carlisle, ambaye alikuwa mwanasarakasi kabla ya kugeuka mwajiri wa wanasarakasi, alikuwa Yokohama akiwakusanya, na ni kwa sababu ya mwaliko wake hati zao ziliandikwa. Mwaka uliofuata walikuwa wakishangiliwa Marekani, kisha Paris katika maonyesho makubwa ya dunia, kisha London.

Habari hii ya Wajapani ina mafunzo kwetu, kwa sababu vijana wa Dar es Salaam na Mombasa wanaojifunza kubinuka ufukweni huambiwa kila siku kwamba kipaji kitawatoa. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, lakini historia ya kazi yenyewe inasema jambo jingine. Katika kila zama ambazo kumbukumbu zake zimebaki, mchezaji wa kuzunguka alivuka mpaka kwa karatasi iliyoshikwa na mtu mwingine: mtawala, serikali, dalali, au mwenye kundi. Kipaji kilimfanya afae kuitwa; aliyemwita ndiye aliyeamua atalala wapi, atalipwa nini na atarudi vipi. Tena, mambo yalikuwa na nafuu pale mwenye karatasi alipokuwa mtu wa kwao au mtu aliyetoka jukwaani, na yakawa mabaya pale alipokuwa mtu asiyejua kazi wala asiyewajibika kwa yeyote anayemjua mchezaji.

Kuna anayeweza kusema kwamba barabara haihitaji karatasi, kwamba mchezaji anaweza kutandika kofia yake popote watu wanapopita na kula kwa jasho lake. Hiyo ni ndoto nzuri, ila barabara haijapata kuwa huru kiasi hicho. Uingereza, nchi ambayo leo watalii hujaa katika uwanja wa Covent Garden kuwatazama wachezaji wa mitaani, ilipitisha sheria mwaka 1572 iliyowaweka waigizaji na watu wa michezo wasio na bwana katika fungu moja na wazururaji. Adhabu yake ilikuwa viboko na kutobolewa sikio kwa chuma cha moto. Aliyeepuka ni yule aliyeweza kuonyesha kwamba ni mtumishi wa mkabaila mwenye cheo cha kutosha, na ndiyo maana makundi ya maigizo ya zama za Shakespeare yalibeba majina ya mabwana wakubwa. Jina la bwana lilikuwa kibali cha kazi. Karne nne baadaye mchezaji anayetaka sehemu yake pale Covent Garden hufanyiwa usaili kwanza, na miji mingi ya Ulaya hutoa leseni kwa mtaa, kwa saa, na kwa aina ya ala. Ukiwa mgeni uliyeingia kwa viza ya matembezi, sarafu zinazodondoka kofiani zinaweza kuhesabiwa kuwa ni kazi ambayo hukuruhusiwa kuifanya. Barabara ni ofisi kama ofisi nyingine, tena ina askari mlangoni.

Pwani yetu iliingia katika biashara hii kwa kuchelewa, na sababu yake si upungufu wa wachezaji. Ngoma zilikuwapo tele, na zilisafiri. Beni, iliyoanza katika miji ya Lamu na Mombasa miaka ya 1890, ilibebwa na askari, makarani na vibarua hadi bara, ikafika mbali mno na bahari. Lakini uchumi wake ulikuwa wa namna nyingine. Mwanachama wa makundi ya beni, Marini au Arinoti, hakucheza ili alipwe. Yeye ndiye aliyetoa. Alichangia sare, alichangia karamu, na mashindano kati ya kundi na kundi yaliweza kuwaacha watu na madeni makubwa. Heshima ndiyo iliyokuwa ujira. Wazo la kwamba mtu anaweza kumchukua mchezaji, kumpandisha meli, na kuuza tiketi ili watu wa mbali wamtazame, lilikuja na wageni, na sura yake ya kwanza ilikuwa mbaya.

Mwaka 1896 Ujerumani ilifanya maonyesho ya makoloni yake katika bustani ya Treptow, Berlin. Walipelekwa watu wapatao 100 kutoka Togo, Kamerun, Guinea Mpya na Afrika Mashariki, Waswahili na Wamasai wakiwamo, wakae katika vijiji vya kuigiza, wapike, wacheze, wapige makasia, huku Wajerumani wakipita kuwatazama. Walikuwa na mikataba, na hilo wengi hulisahau. Lakini aliyeandika mkataba ndiye huyo huyo aliyekuwa akitawala nchi walikotoka, na huwezi kujadiliana ujira na gavana wako. Kuna mmoja aliyepata njia ya kujibu: Kwelle Ndumbe wa Kamerun alinunua darubini ya kutazamia michezo ya jukwaani, akasimama akiwatazama watazamaji. Mwaka 1901 Wajerumani wenyewe walipiga marufuku kuwachukua watu wa makoloni kwa maonyesho ya aina hiyo. Huruma haikuwa sababu kubwa. Watawala waliogopa kwamba mtu aliyekaa Berlin na kuwaona Wajerumani wakilewa na kukopa angerudi kwao bila woga ule uliohitajika.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Wajerumani, naye Husen aliingia jeshini akiwa bado mtoto wakati wa Vita vya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin, na dai lake la kwanza lilikuwa la karani kabisa: alitaka mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakuipata. Alibaki, akawa mhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe ambako kila ukumbi uliigiza nchi fulani na wahudumu walivalishwa kama watu wa nchi hiyo. Alisaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Aliigiza katika filamu, sehemu ndogo ndogo za mtumishi na askari mtiifu, na alishiriki katika Deutsche Afrika-Schau, onyesho la kuzunguka lililowakusanya Waafrika na watoto wao waliokuwa Ujerumani na ambalo serikali ya Nazi ililishika ili litangaze ndoto ya kuyarudisha makoloni.

Tazama jinsi karatasi zilivyomzunguka mtu huyu. Alikuwa na lugha, sura ya kamera, uzoefu wa jukwaa na jina linalojulikana kwa waajiri wa filamu. Kwa kipimo chochote cha kipaji alikuwa na kazi. Lakini alitoka katika nchi ambayo Wajerumani hawakuwa nayo tena, na utawala wa Nazi uliwaacha wengi wa watu wa makoloni ya zamani bila uraia wa popote. Ajira yake yote ilining'inia kwenye hitaji la dola moja kumwonyesha hadharani. Onyesho lile lilifungwa mwaka 1940. Filamu ya Carl Peters, ambamo Husen aliigiza mkalimani wa mtu aliyeitwaa nchi yake kwa hila na risasi, ilitoka mwaka 1941. Mwaka huo huo alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi, na huko alifariki Novemba 1944. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi hivi tofauti kati ya kupendwa jukwaani na kulindwa nje ya jukwaa.

Sasa mweke Husen kando ya wanasarakasi wa Morocco. Katika eneo la Sous, kusini mwa nchi hiyo, kuna zawiya ya Sidi Ahmad ou Moussa, walii wa karne ya 16, na kwa vizazi vingi makundi ya wanasarakasi yamejiita watoto wake. Kazi yao ni kubinuka na kujenga mnara wa watu, mmoja chini akiwabeba wengine mabegani, mchezo ambao vijana wa Mombasa na Temeke wanaufanya hadi leo. Makundi haya yalifika London katika miaka ya 1830, na kufikia mwisho wa karne ya 19 hapakuwa na sarakasi kubwa ya Marekani isiyowajua. Walikuwa Waafrika, walikuwa Waislamu, walitangazwa kwa mabango ya uongo yaliyowaita Mabedui wa jangwani, na bado waliendelea kupata mkataba baada ya mkataba. Kilichowatofautisha ni muundo. Kila kundi lilikuwa na kiongozi wake aliyetoka kwao, na mmoja wa mawakala mashuhuri waliowauza kwa sarakasi za Marekani alikuwa Mmoroko mwenyewe, Hassan Ben Ali. Mwenye sarakasi aliyetaka mnara wa watu hakwenda Sous. Alimwandikia Ben Ali. Naye Ben Ali alijua kwamba akimdhulumu mtoto wa fulani, habari itafika kijijini kabla yake. Sisemi walikuwa malaika. Watoto walikabidhiwa kwa viongozi wa makundi wakiwa wadogo mno, na mazoezi yao hayakuwa ya upole. Ila mlolongo wa madaraka ulianzia na kuishia mahali ambapo mchezaji alikuwa na jamaa.

Tanganyika huru ilijaribu njia ya tatu: serikali yenyewe iwe mwenye kundi. Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri, Nyerere alilalamika kwamba vijana wamejifunza dansi za Kizungu na kuziacha ngoma za kwao, akatangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Likaundwa Kundi la Taifa la Ngoma. Katikati ya miaka ya 1960, wakati urafiki na China ulipokuwa ukifungwa kwa mikataba na ziara, vijana wapatao 20 walipelekwa huko kujifunza sarakasi kwa miaka minne hivi. Waliporudi mwishoni mwa muongo huo, wakawa Kundi la Taifa la Sarakasi. Hawakuwa peke yao Afrika. Wachina waliwafundisha pia Wasudani na wengine, kwa sababu sarakasi ni sanaa isiyohitaji tafsiri na isiyomtukana mwenyeji yeyote, na kwa mwanadiplomasia hiyo ni sifa adimu.

Ni rahisi kuudharau mpango ule leo, na wapo wasomi wa sanaa waliousema kwa ukali, wakidai ngoma zilinyofolewa kutoka jandoni na mashambani zikageuzwa mapambo ya uwanja wa ndege, za kumpokelea mgeni wa serikali. Lawama hiyo naikubali kwa upande wa ngoma. Sindimba ya Wamakonde iliyochezwa kwa dakika nne mbele ya waziri si sindimba. Kwa sarakasi hali ilikuwa tofauti, maana hapakuwa na kijiji kilichoporwa viti vya kupandanisha wala sahani za kuzungusha juu ya fimbo. Ulikuwa ufundi mpya, na serikali ndiyo iliyoulipia. Mwanasarakasi wa miaka ile alikuwa mtumishi wa umma. Alikuwa na mshahara, alikuwa na daktari, na akienda ugenini alikwenda kama mgeni wa serikali, akiwa na mtu wa ubalozi wa kumpigia simu. Hasara yake ilikuwa kwamba hakuweza kwenda kwa mwito mwingine wowote. Aliyempa pasipoti ndiye aliyempangia safari, na mshahara wenyewe haukutosha kitu.

Kufikia mwaka 1980 makundi hayo ya taifa yalikuwa yamevunjwa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa, wachezaji wa zamani wakigeuka walimu. Katika miaka hiyo hiyo yalichipuka makundi ya biashara ya Dar es Salaam, Muungano ya Norbert Chenga ikiwa mashuhuri kuliko mengi, ambayo kwa tiketi moja yalimpa mtazamaji ngoma, kichekesho, taarabu, sarakasi na hata mtu wa kucheza na chatu. Sarakasi ikashuka kutoka ikulu hadi kumbi za mitaani. Ufundi wa China ukawa mali ya yeyote aliye tayari kuanguka mara nyingi kabla ya kusimama.

Kutoka hapo njia ya kwenda nje ilipitia mahali ambapo wanahistoria wa sanaa hawapatazami sana, yaani hoteli za ufukweni, Diani, Nyali, Watamu, Malindi na baadaye Zanzibar. Onyesho la hoteli lina taratibu zake. Huanza wageni wanapomaliza chakula cha jioni, kando ya bwawa la kuogelea, ngoma ikitangulia ili watu wageuze viti. Kisha hulazwa fimbo juu ya chupa mbili, humwagiwa mafuta ya taa na kuwashwa, na kijana hupita chini yake kichalichali hewani, mgongo ukikaribia sakafu. Hufuata pete, kisha ubao uliowekwa juu ya mtungi unaobingirika, na mwisho mnara: wawili chini, mmoja kati, na mtoto mdogo kuliko wote juu kabisa, mikono wazi, akingoja kamera. Malipo ya hoteli yalikuwa madogo na yaligawanywa kwa watu wengi. Faida ilikuwa kwenye viti vya mbele. Miongoni mwa Wajerumani na Waitaliano wale mara moja moja alikuwamo mtu anayejua mwenye sarakasi, au mwenye bustani ya michezo, au anayepanga tamasha la kiangazi. Hoteli ilikuwa chumba cha usaili kisicho na tangazo la kazi. Na kwa kuwa ilikuwa hivyo, machafuko ya kisiasa ya Likoni, Mombasa, ya Agosti 1997, na maonyo ya usafiri yaliyowaondoa Waingereza pwani ya Kenya mwaka 2014, yalifunga mlango wa ajira ya Ulaya kwa vijana ambao hawakuwa na habari ya siasa zile.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mlango mwingine ulifunguka. Winston Ruddle, mwanasarakasi wa Zimbabwe, alianzisha shule ya mazoezi Dar es Salaam na baadaye sarakasi yake ya kuzunguka Ulaya. Nairobi taasisi ya Sarakasi, iliyoanzishwa mwaka 2001, ililigeuza jumba la sinema la zamani la Shan, Ngara, kuwa ukumbi wa mazoezi. Na mwishoni mwa mwaka 2005 Mwaustria André Heller alizindua Ujerumani onyesho la Afrika! Afrika!, lililokusanya wasanii zaidi ya 100 wa bara hili chini ya mahema makubwa. Wakosoaji walisema onyesho lile limerudisha Treptow kwa taa bora zaidi. Upo mfanano, hasa katika mabango. Lakini mchezaji wa mwaka 2005 aliweza kukataa, aliweza kuhama kwenda kwa mshindani, na aliyempeleka kwa Heller mara nyingi alikuwa mtu aliyewahi kubinuka yeye mwenyewe. Ruddle anasimama pale pale alipokuwa Hassan Ben Ali karne moja kabla yake: mtu wa kati ambaye mwenye hema anamwamini kwa sababu anawajua wachezaji, na wachezaji wanamvumilia kwa sababu anaijua kazi.

Anayedhani mtu huyu wa kati ni masalia ya zamani asome sheria ya uhamiaji ya Marekani. Viza za wasanii za fungu la P, ambazo ndizo makundi mengi hutumia, haziombwi na mchezaji. Ombi lazima liwasilishwe na mwajiri au wakala aliye Marekani, likiambatana na mkataba na ratiba ya maonyesho. Kundi la burudani linatakiwa kuonyesha kwamba asilimia 75 ya watu wake wamekuwa pamoja angalau mwaka mmoja na kwamba linajulikana kimataifa. Watu wa sarakasi wamesamehewa masharti hayo mawili, kwa sababu wenye sarakasi wa Marekani hujaza nafasi zao kwa mchezaji mmoja mmoja kutoka pembe zote za dunia. Kwa hiyo dalali ameandikwa ndani ya sheria. Mtanzania, kwa upande wake, anahitaji kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa ili aende kufanya onyesho nje. Karatasi mbili, wenye nazo wawili, na mchezaji katikati.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja yangu linatoka kwetu wenyewe, katika muziki wa dansi. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walipitia Jamhuri Jazz na Arusha Jazz, wakavuka kwenda Mombasa mwaka 1971, wakaunda Simba Wanyika. Hakuna balozi aliyewapeleka, hakuna Mzungu aliyewakuta ufukweni. Mwaka 1978 sehemu ya wenzao walijitenga wakaunda Les Wanyika, na wimbo wa Sina Makosa ukaenea Afrika Mashariki nzima wakati mpaka wa Tanzania na Kenya umefungwa, maana Tanzania iliufunga mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Wakongo nao walimiminika Nairobi na Dar es Salaam. Remmy Ongala alitoka Kindu, Samba Mapangala akapitia Uganda. Je, hawa hawakujitafutia kazi ugenini kwa gitaa na miguu yao?

Walijitafutia, na ndiyo maana mfano wao ni mtamu. Lakini walivuka kwenda mahali ambapo lugha ilikuwa ile ile, ambapo mwenye baa hakuhitaji mkalimani, na ambapo basi la usiku lilitosha kuwa njia ya kurudi. Waliingia wakiwa bendi kamili, yaani kundi lenye kiongozi wake, mfano wa Sous kwa mavazi mapya. Na walipokwisha kuingia, karatasi iliwafuata. Santuri zilimilikiwa na kampuni za Nairobi, mirabaha ikawa kilio cha maisha, na vibali vya kazi viliwasumbua wanamuziki wa Tanzania na Zaire kila serikali ilipoamua kukaza kamba. Mpaka wenye lugha moja humpunguzia mchezaji gharama ya dalali wa kumwingiza. Dalali wa kumnyonya hubaki pale pale.

Kuna pia wanaosema kwamba kumtetea mtu wa kati ni kumtetea mfanya magendo ya binadamu. Wana sababu. Mombasa yenyewe iliwahi kuwa ugenini wa wachezaji: wasichana wa India, Pakistan na Nepal waliletwa kucheza mujra katika vilabu vya usiku kwa vibali vya utamaduni, na mwaka 2019 polisi waliwatoa wasichana wa Nepal waliokuwa wamefungiwa, pasipoti zao zikiwa kwa mwajiri. Katika nchi za Ghuba, mfumo wa kafala kwa muda mrefu ulimpa kafili, yaani mwajiri mdhamini, mamlaka ya kuamua kama mfanyakazi anaweza kuhama kazi au kuondoka nchini, na mchezaji wa hotelini hakuwa na kinga kuliko mjakazi. Qatar iliondoa sharti la idhini ya kubadili mwajiri mwaka 2020 tu. Mifano hii haiipingi hoja, inaithibitisha kwa upande wake wa giza. Wote hawa walikuwa na mwenye karatasi. Tofauti ni kwamba huyu hakutoka jukwaani, hakutoka kijijini kwao, na hakuna mtu ambaye msichana angeweza kumpelekea habari akamwaibisha. Ukimwondoa dalali anayejulikana kwa sheria kali, nafasi yake haibaki tupu. Anaikalia asiyejulikana.

Siku hizi jibu la haraka ni simu. Mchezaji anajirekodi, dunia inamwona, kazi inamfuata nyumbani. Ramadhani Brothers wa Tanzania, mmoja akisimama kichwa juu ya kichwa cha mwenzake huku akipandishwa ngazi, walionekana Australia mwaka 2022, wakafika fainali ya America's Got Talent mwaka 2023, na Februari 2024 wakashinda shindano la Fantasy League la kipindi hicho. Ni ushindi wa haki, wa shingo zilizofanya kazi kwa miaka. Ila mashindano ya televisheni ni dalali mkubwa kuliko wote waliotangulia: watayarishaji huchagua nani aonekane, majaji wa shindano lile la 2024 waliwateua wenyewe wa kuingia timu zao, na viza bado iliombwa na kampuni. Simu imeongeza idadi ya wanaoonekana. Idadi ya wanaoweza kusaini kwa niaba ya mchezaji haijaongezeka kwa kasi hiyo, na kwa hiyo ushindani wa kumfikia mwenye saini umekuwa mkali zaidi kuliko siku za hoteli.

Swali la maana kwa vijana wetu, basi, ni madalali wapya wanatoka wapi. Kwa sehemu kubwa wanatoka kwenye viungo vilivyochoka. Vifundo vya mikono na magoti ya mtu anayebeba wenzake mabegani havidumu, na mara nyingi mikataba huisha kabla mtu hajazeeka. Baadhi hubaki Ulaya wakifundisha watoto. Baadhi hurudi na pesa, wakajenga, yakaishia hapo. Wengine hurudi na namba za simu za wenye mahema, wakafungua uwanja wa mazoezi wenye magodoro ya kuokoteza, na Chuo cha Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 ni taasisi ya serikali inayoitwa TaSUBa, kinawatazama kwa mbali kama washindani. Mwalimu wa aina hii anayemshika mtoto vifundo leo ili asimame kwa mikono ndiye, baada ya miaka kumi, atakayepigiwa simu kutoka Hamburg kuulizwa kama ana watu watano wa kujenga mnara, bei yao, na nani atalipia bima mmoja akianguka.